Kioo kisicho na sauti: uchambuzi wa kisa cha Mercedes-Benz 600

Kaa kiti cha nyuma cha Mercedes-Benz 600, injini ikiwa imewashwa, uweke kidole kwenye swichi ya kioo mlangoni. Ibonyeze kidogo, kioo kinapanda polepole. Ibonyeze zaidi, kinapanda mbio. Iachie, kinasimama papo hapo. Husikii mlio wa mota wala mkwaruzo wa gia ndani ya mlango, kwa sababu mota haimo. Hiyo unayoiita swichi ni valvu, yaani kilango kidogo cha kufungua na kufunga njia ya mafuta, na kinachokisukuma kioo ni mafuta yaliyobanwa kwa presha ya baa 150 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 au zaidi kidogo. Hapa mafuta yenye presha mara sabini na zaidi ya hiyo yanapita sentimita chache tu kutoka kwenye kiwiko cha abiria.

Kisa chenyewe ni uamuzi huo: wahandisi wa Daimler-Benz, kampuni iliyotengeneza magari ya Mercedes-Benz, wakiwa na uhuru wa kutumia chochote, waliamua kila kitu kinachosogea ndani ya gari lao kubwa kisukumwe na mafuta badala ya umeme. Uamuzi huo uliipa 600 utulivu ambao magari mengi ya bei ghali hayakuufikia. Uamuzi huohuo ndio unaowaumiza kichwa wenye magari haya leo.

Gari lililotakiwa kushinda yote

Daimler-Benz ilikuwa na desturi ya gari la wakuu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na wakati wake ilikuwa 770, iliyojulikana kama Mercedes Mkubwa, iliyotengenezwa kuanzia 1930 hadi 1943. Baada ya vita ikaja 300 ya 1951, ambayo watu waliibatiza jina la Adenauer kwa sababu Kansela Konrad Adenauer wa Ujerumani Magharibi ndiye aliyeonekana nayo kila mara. Ile 300 ilipofika mwisho mwaka 1962, kiti cha juu kilibaki wazi. Fritz Nallinger, mkuu wa uhandisi, hakutaka mrithi wa kawaida. Alitaka gari litakalowabeba marais kwa heshima na bado likimbie kama gari la michezo.

Umbo lilichorwa na Paul Bracq katika idara ya usanifu iliyoongozwa na Friedrich Geiger. Ni bodi ndefu yenye mistari iliyonyooka, vioo vikubwa na taa za mbele za kusimama wima. Hakuna mapambo ya kupiga kelele. Gari likatambulishwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mnamo Septemba 1963, na uzalishaji ukaanza 1964 katika kiwanda cha Sindelfingen, magari yakiundwa kwa mkono kwa kiasi kikubwa.

Toleo la kawaida lilikuwa na urefu wa milimita 5,540, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kulikuwa na milimita 3,200. Toleo refu, Pullman, lilifika milimita 6,240, na nafasi kati ya ekseli ikawa milimita 3,900. Upana ulikuwa milimita 1,950. Mwaka 1964 toleo la kawaida liliuzwa kwa maki 56,500 za Kijerumani na Pullman kwa maki 63,500. Mpaka uzalishaji unafungwa mwaka 1981 yalikuwa yametengenezwa magari 2,677: ya kawaida 2,190, Pullman za milango 4 zilikuwa 304, Pullman za milango 6 zilikuwa 124, na landole, yale yenye paa la turubai linalofunguka nyuma, 59. Moja ya landole hizo alipewa Papa Paulo VI mwaka 1965.

Huku kwetu gari hili halikuwa geni. Jomo Kenyatta ni mmoja wa wakuu wa nchi waliolitumia, na ni katika miaka hiyohiyo lugha yetu ilipojipatia neno Wabenzi, kabila jipya la wakubwa wanaotambulika kwa gari wanaloteremka. Wengi waliolitamka neno hilo walikuwa wameziona Benzi ndogo zaidi. 600 ilikuwa ya watu wachache mno hata miongoni mwa Wabenzi.

Injini tuipitie haraka, ingawa inastahili makala yake yenyewe. Ni M100, V8 ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz ya kuuzwa. Kipenyo cha silinda ni milimita 103, mwendo wa pistoni milimita 95, jumla sentimita za ujazo 6,332. Kila upande wa silinda una kemshafti yake juu, yaani fimbo ya kufungua valvu za injini, na petroli huingizwa na pampu ya Bosch inayofanya kazi kimakanika. Nguvu ni farasi 250 kwa mizunguko 4,000. Gari lenye uzito wa tani mbili na nusu hivi lilifika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde kumi hivi na kwenda hadi kilomita 205. Jambo linalotuhusu hapa ni hili: sehemu ya nguvu hiyo haikwenda kwenye magurudumu. Ilizungusha kompresa ya upepo, pampu ya stelingi na pampu ya haidroliki, yaani ile inayobana mafuta ya kusukuma vioo na viti.

Kwa nini mafuta

Hesabu vitu vilivyotakiwa kusogea: vioo vya milango, viti vya mbele kwenda mbele na nyuma, juu na chini, na migongo yake kulala, kiti cha nyuma, kioo cha kumtenganisha dereva na abiria, paa la kufunguka, kifuniko cha buti, vifaa vya kuvuta mlango ujifunge wenyewe bila kubamizwa. Kwa umeme wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kila kazi katika hizo ilihitaji mota yake na gia zake. Mota za wakati huo zilikuwa kubwa, zilikula nafasi ndani ya mlango na chini ya kiti, na zilisikika. Mgeni rasmi ameketi nyuma anazungumza na mwenyeji wake, halafu kiti kinaanza kulia kama mashine ya kusagia. Hilo Nallinger na wenzake hawakulikubali.

Wazo la kutumia mafuta halikuwa jipya. Packard ya Marekani ilikuwa na vioo vya haidroliki mwanzoni mwa miaka ya 1940. Lakini katika mifumo kama hiyo ya Kimarekani pampu iliendeshwa na mota ya umeme, hivyo ukibonyeza swichi unaisikia pampu ikiamka. Katika 600 pampu inazungushwa na injini, na presha inawekwa akiba kwenye akumuleta, yaani chombo cha kuhifadhi mafuta yaliyobanwa. Abiria anapobonyeza swichi hakuna kinachoamshwa. Presha ilikuwa tayari imefika mlangoni ikisubiri, na kidole kinaifungulia njia tu. Ndiyo maana kioo kinaanza na kusimama bila kishindo, na ndiyo maana kasi yake inafuata nguvu ya kidole: valvu ikifunguka kidogo mafuta yanapita machache, ikifunguka sana yanapita mengi. Swichi za umeme za wakati ule hazikuweza hilo. Zilikuwa na kuwasha na kuzima.

Akiba hiyo inakuruhusu pia kusogeza vioo mara chache injini ikiwa imezimwa. Ikiisha, hakuna kitakachosogea mpaka injini iwashwe tena.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo. Piga hesabu: presha ya baa 150 juu ya pistoni yenye eneo la sentimita 1 tu ya mraba inasukuma kwa nguvu ya kama kilo 150. Kioo cha 600 hakina kitu chochote cha kukihisi kidole kilichobaki juu ya ukingo wake. Kitaendelea kupanda. Mtu asimwache mtoto peke yake ndani ya gari hili, hata likiwa limezimwa, kwa sababu akumuleta yenye presha haiujui ufunguo.

Presha ya pili: upepo

Watu huchanganya mifumo miwili, na mkanganyiko huo umeharibu spea nyingi. Mafuta ya baa 150 ni ya starehe: vioo, viti, buti. Gari lenyewe halikalii mafuta, linakalia upepo. Badala ya springi za chuma kuna vifuko vya mpira vilivyojazwa upepo kutoka kwenye tangi linalolishwa na kompresa. Valvu za kusawazisha kimo zimeunganishwa kwa vijiti na mikono ya sasipensheni: abiria wanne wakiingia nyuma na gari likashuka, kijiti kinasukuma valvu, upepo unaongezwa, gari linarudi kimo chake. Wakitoka, upepo unatolewa. Shokapu nazo zinaweza kukazwa au kulegezwa na dereva kwa kishikio kilicho kwenye stelingi, gari likiwa linakwenda.

Upepo huohuo unasaidia breki. Kila diski ya mbele ina kalipa mbili, yaani vibano vya breki, na msaada wa kukanyaga unatokana na upepo uliobanwa. Kwa hiyo 600 iliyolala chini kwa kukosa upepo si gari lenye sura mbaya tu. Ni gari ambalo breki zake hazina msaada wake, na uzito wake ni tani mbili na nusu hivi. Mtu anayewasha na kulisogeza barabarani kabla upepo haujajaa anacheza na maisha ya wengine. Injini iwashwe, gari liachwe linyanyuke lenyewe mpaka kimo chake, ndipo liondolewe.

Linapokosea

Chukua hali inayotokea zaidi: gari limekaa gerejini miaka mingi, lina kilomita chache, ngozi ya viti inang'aa, na mnunuzi anadhani amepata lulu. Limelala chini upande mmoja, vioo viwili havipandi, na chini ya mlango wa nyuma kuna doa jeusi kwenye zulia. Kilomita chache hapa ni habari mbaya. Mifumo yote miwili inategemea mpira, na mpira huu unaharibika zaidi kwa kutotumika. Sili, yaani vipete vya mpira vya kuzuia uvujaji vilivyo ndani ya valvu na silinda, zinakauka, zinakuwa ngumu kama plastiki, halafu presha inaporudi zinapasuka au kupitisha.

Anza na doa, maana mahali mafuta yanapotokea panasema kilichoharibika. Mafuta yakitiririka juu ya ngozi ya mlango kuanzia kwenye swichi, basi ni sili za swichi yenyewe. Hili ndilo la kawaida zaidi, na ndilo linaloharibu ngozi ghali kuliko yote, kwa sababu mafuta yananywewa na ngozi na hayatoki. Ngozi ikiwa kavu lakini mafuta yakatoka kwenye vitundu vya chini ya mlango, basi silinda ya kioo au mpira wa kupitishia mafuta unaopita kwenye bawaba umefika mwisho. Mpira huo unakunjwa kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo uangalie hapo kwanza. Doa likiwa katikati ya zulia la mbele, tazama silinda za kiti.

Kuna hali nyingine inayowasumbua mafundi: kioo kinateremka chenyewe pole pole, hakuna doa popote, na kiasi cha mafuta kwenye chupa yake ya akiba hakipungui. Hapo mafuta hayatoki nje. Yanapita ndani ya swichi au silinda na kurudi kwenye chupa kwa njia ya kurejea. Kubadilisha mipira hakutasaidia kitu. Ni lazima swichi au silinda ifunguliwe. Na kama kila kitu ni kizito, vioo vyote na viti vyote, usianze kufungua milango. Tatizo liko kwenye chanzo: pampu, akumuleta au mafuta yaliyopungua. Akumuleta iliyokufa inajionyesha kwa dalili iliyo wazi: injini ikiwashwa vyote vinafanya kazi, ikizimwa tu hata kioo kimoja hakimalizi safari.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Mtu anaona mafuta yamepungua kwenye chupa, anaongeza mafuta ya breki kwa sababu yanafanana na yapo dukani. Mfumo huu umetengenezwa kwa mafuta mepesi ya haidroliki yatokanayo na petroli ghafi. Mafuta ya breki ni ya kikemia tofauti kabisa, na sili zilizotengenezwa kwa aina moja huvimba na kulainika zikikutana na aina nyingine. Siku za mwanzo gari linaweza kuonekana limepona, maana sili zilizovimba zinaziba. Halafu zote zinaachia pamoja, milango yote, viti vyote. Kutoka hapo hakuna njia ya mkato: kila mpira na kila sili katika mfumo mzima inapaswa kutolewa, mabomba yasafishwe, na sili mpya ziwekwe.

Kuhusu usalama wa fundi, mambo mawili hayana mjadala. Kwanza, usifungue nati yoyote ya bomba la haidroliki kabla hujamaliza presha. Zima injini, bonyeza swichi za vioo na viti moja moja, tena na tena, mpaka hakuna kinachosogea hata kidogo. Na usitafute uvujaji kwa kupitisha mkono kandokando ya bomba lenye presha. Mchirizi mwembamba wa mafuta kwa presha hiyo unaweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha lake linaonekana dogo huku ndani likioza. Tumia kipande cha boksi. Mtu akichomwa na mchirizi huo, apelekwe hospitali mara moja hata kama haumwi, na daktari aambiwe ni mafuta ya presha.

Pili, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na upepo pekee. Kifuko kikipasuka au valvu ikiachia, gari linashuka lote bila onyo. Weka stendi imara zinazobeba uzito huo, na uziweke kabla ya kugusa kijiti chochote cha valvu, kwa sababu kukisogeza kijiti ndiko kunakotoa upepo.

Kwa upande wa upepo wenyewe, utafutaji ni wa uvumilivu. Acha gari lijae upepo, lisimamishe sakafu tambarare, na upime kwa futi kutoka sakafuni hadi ukingo wa fenda juu ya kila gurudumu. Andika namba nne. Rudi asubuhi, upime tena. Gari lenye afya hubaki wima siku nyingi. Kona moja ikishuka peke yake, mshuku wa kwanza ni kifuko chake na maungio yake. Zikishuka zote pamoja kwa kiasi kinachofanana, tazama valvu, tangi na mabomba makuu. Kisha maji ya sabuni na brashi, kila maungio, na subiri mapovu. Mpira wa kifuko uchunguze ukiwa umenyooka, maana nyufa hujificha ndani ya kunjo.

Tangi la upepo linataka kumwagwa maji. Upepo unaobanwa hutoa unyevu, na katika hali ya hewa ya pwani unyevu huo si haba. Maji yakibaki, tangi linapata kutu kwa ndani, na chembe za kutu zinasafiri hadi kwenye valvu na kuzikwaruza. Fundi anabadilisha valvu, baada ya miezi inaharibika tena, analaumu spea. Kumbe kosa lipo ndani ya tangi.

Kilichofuata

Daimler-Benz yenyewe haikuurudia uamuzi huu kwa magari mengine. Injini ya M100 iliendelea: mwaka 1968 iliwekwa ndani ya 300 SEL 6.3, gari lililoanza kama mradi wa mhandisi Erich Waxenberger, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi sentimita za ujazo 6,834 kwa ajili ya 450 SEL 6.9. Hiyo 6.9 ilikalia mafuta na gesi badala ya upepo. Lakini vioo vyake vilikuwa vya umeme. Mota zilikuwa zimekuwa ndogo, bei yake imeshuka, na kelele imepungua kiasi cha kuvumilika. Fundi yeyote wa umeme wa magari aliweza kubadilisha mota ya kioo kwa nusu siku, ilhali swichi moja ya 600 inataka benchi safi, vifaa vidogo na mikono ya mtu aliyekwishaiona kabla.

Tukisema uamuzi wa 1963 ulikuwa makosa, tutakuwa tunaupima kwa mota za miaka ya baadaye. Kwa lengo lililowekwa, yaani ukimya kwa abiria wa nyuma, hakukuwa na njia bora wakati ule, na kwa maoni yetu hakuna kioo cha umeme hata leo kinachokitii kidole namna ile. Tunachoweza kulaumu ni kimoja: presha yote ilipelekwa hadi kwenye swichi. Kwa kuwa valvu ndiyo swichi, kila sili inayochoka iko karibu na ngozi na zulia la abiria. Kama valvu zingewekwa chini ya sakafu na kuvutwa kwa waya, uvujaji ungedondokea barabarani. Lakini hapo utii wa kioo kwa kidole ungepotea, na hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Kwa anayeliamsha gari lililolala, utaratibu ni huu. Badilisha mafuta ya haidroliki yote kwanza, kwa aina iliyoagizwa na mtengenezaji, na usafishe chupa yake. Badilisha mipira ya kwenye bawaba zote hata kama mmoja tu unavuja, kwa sababu yote ina umri mmoja. Peleka swichi zote zikawekwe sili mpya kwa pamoja. Ukitengeneza moja, presha iliyorudi itatafuta dhaifu inayofuata. Kwa spea, Mercedes-Benz ina kituo cha magari ya zamani huko Fellbach, Ujerumani, kilichofunguliwa 1993. Kisha rudisha presha milango ikiwa bado haijafunikwa ngozi, sogeza kila kioo na kila kiti mwanzo hadi mwisho mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mabomba, na uliache gari usiku mzima na karatasi nyeupe chini ya kila swichi na kila silinda. Karatasi ikikutwa kavu asubuhi, rudisha ngozi. Ikiwa na tone hata moja, fungua tena. Na baada ya hapo, kila wiki, injini iwashwe, gari lijae upepo, na kila swichi ibonyezwe, hata ya kiti ambacho hakuna anayekikalia.